Viungo Viwili vya Mzee Shivachi

Mwalimu wenu aliniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo, ninyi mnaoanza kozi ya weldi na mabomba. Alisema niwaambie kwamba kazi hii inalisha. Haya, inalisha. Imenilisha miaka thelathini na kitu, imesomesha watoto wangu wanne, na hii nyumba ya Komarock ninamoandikia sikuijenga kwa kuuza maneno. Hilo limekwisha. Sasa niacheni niwaambie lile ambalo mwalimu hakuniomba, maana nimelibeba muda mrefu na sitaki kuzikwa nalo.

Mnivumilie lakini. Mimi nikianza kusimulia sipiti njia moja, na mwenye haraka aende akatazame simu yake.

Niliingia kazini mwanzo wa miaka ya tisini, mtaa wa viwanda wa Baba Dogo, kama kibarua. Asubuhi tulijipanga getini kwenye karakana moja ya mabomba, fomeni anatoka na kikombe chake cha chai, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye kofia. Mwenye kofia nilikuwa mimi. Nilibeba mabomba begani miezi mitano bila mtu kuniuliza jina. Fomeni mwenyewe, Mutiso, aliniita Kofia hata siku niliyoiacha nyumbani. Aliyeniuliza jina ni Mzee Shivachi.

"Unaitwa nani?"

"Barasa."

"Wa wapi?"

"Webuye."

"Aa, Mbukusu. Mabega ninayaona. Sasa tuone kama kuna subira. Lete kile kioo cheusi, simama hapa, utazame. Usiguse kitu."

Nilitazama wiki tatu. Wiki tatu nzima, vijana, sikuruhusiwa kuwasha moto hata mara moja. Ninyi wa leo siku ya pili mnataka mashine yenu na picha ya kuweka kwenye simu. Sikatai, zama ni zenu.

Mzee Shivachi alikuwa mtu wa Vihiga, mrefu, mkimya, mzee wa kanisa. Ufundi wa mabomba alijifunzia kwenye shirika la reli akiwa kijana. Alichomelea akiimba nyimbo za ibada chini ya kinyago, kwa sauti nzito, na sisi tulijua kiungo cha bomba kimefika wapi kwa kusikiliza wimbo umefika ubeti wa ngapi. Ukimkatiza katikati ya ubeti, ole wako.

Mwaka wangu wa kwanza na moto nilipewa kuchomelea mabomba yale meupe yaliyopakwa zinki, ndani ya stoo isiyo na dirisha. Nikachoma siku nzima, nikimeza ule moshi mweupe, nikijiona mwanaume. Jioni nilitetemeka kwa baridi, meno yanagongana, jasho linatoka. Mama mmoja kwenye plot tulimopanga vyumba alisema ni malaria, mwingine akasema nimerogwa kwetu, wakaniombea wote wawili kwa pamoja. Kesho yake Mzee alinitazama akacheka mpaka akakaa chini.

"Umekula zinki, kijana. Pole sana. Pole, lakini wewe ni mjinga."

Akanifundisha: kwanza kwangua ile ngozi nyeupe kwa tupa, vidole viwili kila upande wa mahali utakapochoma, kisha fungua mlango, ndipo uwashe moto. Mafundi wengine walikunywa maziwa wakiamini yanaosha kifua. Maziwa kunyweni, ni matamu. Lakini fungueni mlango.

Alinifundisha pia jambo moja ambalo nataka mlishike hata kama mtasahau mengine yote. Unapounganisha ncha mbili za bomba la mvuke, usizibananishe. Acha nafasi kati yake, unene wa waya tu, ili mshono wa kwanza upite mpaka ndani. Huo mshono wa kwanza tuliuita mzizi. Mzee alitembea na kipande cha waya mfukoni, anakiweka katikati ya ncha mbili kabla ya kuzishikiza, anakivuta. Kikitoka bila kusugua pande zote mbili, anabomoa anaanza upya. Juu ya mzizi ndipo unaweka mishono mingine, na ule wa mwisho ndio uso. Uso kila mtu anauona. Mzizi ukishafungwa, hakuna anayeuona tena mpaka siku ya balaa.

Kisha kuna alama. Pale kwetu kila fundi wa mvuke alikuwa na chapa yake ya chuma. Ukimaliza kiungo, unagonga herufi yako kando ya mshono. Yake ilikuwa S. Yangu, nilipofaulu mtihani na kupewa cheti, ikawa B. Kiungo chenye herufi yako ni chako mpaka kiwanda kibomolewe. Na siku ya kupima presha, mwenye alama ndiye anayesimama kando ya kiungo chake. Hakuna kutuma mtu. Hiyo ilikuwa sheria ya Mutiso, na ilikuwa sheria nzuri, kwa sababu mtu hachomi ovyo mahali anapojua atasimama na uso wake.

Sasa tuingie kwenye habari yenyewe.

Nilikuwa fundi wa miaka kadhaa wakati macho ya Mzee Shivachi yalipoanza kuisha. Lilianza jicho la kulia, utandu mweupe, kile wanachoita mtoto wa jicho. Halafu la kushoto likafuata. Hospitali walimwambia kuna upasuaji. Akasema atafanya akishastaafu, kwa sababu akifanya sasa, kazini watajua, na fundi wa mvuke akishajulikana ana macho mabovu, chapa inachukuliwa siku hiyo hiyo. Alibakiza miezi minane. Alitaka kuagwa kama fundi. Hakuwa na ombi lingine duniani, nawaambia, alitaka tu siku yake ya mwisho wamwite fundi na kumpa mkono.

Haya yote hakuniambia mimi. Aliyeniambia ni mkewe, Mama Agneta, tukiwa nje ya kanisa, akinishika mkono. "Barasa, wewe ni mtoto wetu. Mtazame mzee wako huko."

Nikamtazama. Na kumtazama kwangu kulikuwa hivi. Mzee alikuwa anapanga kiungo, anakizungukazunguka, kisha anaweka chapa yake juu ya bomba na kusema, "Naenda getini kuona mtu." Getini hakuna mtu. Mimi nilikuwa naelewa. Nachomelea kile kiungo haraka haraka, nachukua ile chapa, nagonga S, naiweka pale pale. Mzee anarudi, anaiokota, anaitia mfukoni. Hakuna aliyesema asante, na hakuna aliyesema karibu. Tulifanya hivyo karibu miezi sita. Alikuwa mkubwa wangu, amenitoa kwenye kubeba mabomba. Ningeanzaje kumwambia usoni, "Mzee, huoni"? Kwetu huwezi. Mdomo ulikuwa unakataa.

Basi tukapata kazi ya bomba la mvuke, inchi nne, kwenye kiwanda kimoja hapo hapo Baba Dogo. Kwenye chumba cha boila kulikuwa na viungo viwili alivyopangiwa Mzee: kimoja juu, karibu na paa, cha pili chini, penye mguu wa ngazi. Vishikeni hivyo viwili, cha juu na cha chini, maana habari yote iko hapo.

Cha chini aliniachia. Aliacha chapa juu ya bomba hata kabla ya kupanga zile ncha, akaenda getini. Nikapanga mwenyewe. Mutiso alikuwa njiani kurudi, nilisikia sauti yake uani, na waya wa kupimia ulikuwa kwenye mfuko wa Mzee. Nikazisukuma zile ncha zikakutana kabisa. Nilijua hazina nafasi. Nikajiambia, aah, itashika. Nikachoma, nikaweka uso safi, mshono umelala vizuri kote, nikagonga S. Mutiso alipita akatazama akasema, "Mzee bado ana mkono." Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Cha juu Mzee alikataa kuniachia. "Hiki nitachoma mimi," akasema.

"Mzee, huko juu kuna giza."

"Barasa, nimesema nitachoma."

Akapanda. Alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida na hakuimba. Aliposhuka alikuwa amelowa jasho. Nikapanda kutazama. Jamani! Uso wa kiungo kile ulikuwa umepinda, unapanda unashuka, mahali pengine umevimba, mahali pengine mwembamba. Ningemwonyesha mwanafunzi kama mfano wa kazi mbaya. Nikajua Mutiso akipanda hapa, leo ni mwisho wa Mzee. Basi nikachukua tupa nikalainisha palipovimba, nikachukua kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nikapaka kiungo chote.

Wale mnaojua mmeshashtuka. Kiungo hakipakwi rangi kabla ya kupimwa. Rangi inaziba vitundu, inaficha ufa. Ni jambo la siku ya kwanza darasani. Mimi mwenye cheti nikalifanya nikijua, na nikajiita mwana mwema.

Sasa, kwa kawaida tulikuwa tunapima kwa maji. Unajaza bomba maji, unasukuma kwa pampu mpaka presha inayotakiwa, unangoja. Kiungo kikiwa kibovu, maji yanaruka, unalowa, watu wanacheka, unarudia. Lakini wiki ile kulikuwa na mgao wa maji Baba Dogo, mifereji imekauka siku ya nne, watu wamepanga mitungi barabarani. Mwenye kiwanda alikuwa na haraka. Mutiso akasema tutapima kwa hewa, kwa kompresa, na kila mwenye alama asimame kwenye kiungo chake na povu la sabuni, apake, atazame kama linatoa mapovu.

Hewa si maji. Sikilizeni mzee wenu. Hewa ukiibana inajikusanya, na ikipata mwanya inatoka yote kwa mara moja, inang'oa chuma, inakupa usoni. Kila fundi pale alijua. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu Mutiso alikuwa ameshasema. Siku hizi mnaambiwa mna haki ya kukataa kazi ya hatari. Kataeni.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Tulikuwa watu kama kumi na wawili. Mimi nilikuwa na viungo vyangu uani, nje ya mlango wa boila, namwona Mzee vizuri. Alichukua mkebe wa povu na brashi, akapapasa ngazi, akapanda kwenye kiungo chake cha juu. Akaweka uso karibu kabisa na chuma, shubiri moja, kwa sababu mbali hakuona.

"Tayari?" Mutiso akaita.

"Tayari," Mzee akajibu.

Kompresa ikaanza. Mutiso alikuwa anasoma geji ya presha kwa sauti, namba baada ya namba. Nilimwona Mzee akipaka povu juu ya ile rangi yangu nyekundu. Nikawaza ule uso uliopinda. Nikawaza ndani kukoje kama nje kuko vile. Nikawaza Mama Agneta. Nikisema, namuua kazini. Nikinyamaza, namuua kweli. Na bado nilingoja. Namba tatu nzima nilingoja.

Kisha nikapiga kelele. "Funga! Funga kompresa! Mzee, shuka!"

Mutiso akafunga, akaachia hewa. Akanijia kwa hasira. "Kwani kuna nini?"

"Kile kiungo si kizuri."

"Umejuaje?"

"Nilikiona. Nikakipaka rangi."

"Ulipaka rangi kiungo cha mtu mwingine kabla ya kupimwa? Wewe Barasa, una wazimu? Kwa nini?"

Wote walikuwa wananitazama. Mzee alikuwa ameshuka, amesimama na mkebe wake, amegeuza sikio upande wangu. Nikasema. "Mzee haoni, fomeni. Ni muda sasa. Haoni."

Mzee aliweka mkebe chini, polepole, akaupapasia sakafu kwanza. Hapo kila mtu aliona kwa macho yake.

Vijana, nilisema kweli, na ningesema tena. Lakini nilikuwa na miezi sita ya kuisema tukiwa wawili, tukitembea kwenda nyumbani, na nikaiweka mpaka siku ya kuisema mbele ya watu kumi na wawili. Nikaita hiyo heshima. Ilikuwa woga. Mkubwa wako akikosea, mwite kando mwambie. Atakasirika. Mwache akasirike.

Mutiso hakupiga kelele tena. Akasema viungo vyote vyenye S kwenye chumba cha boila vikatwe. Tukakata, kipande cha urefu wa kiganja kila upande, tukaviweka mezani uani, kwenye jua. Mutiso akainama akamulika ndani ya kile cha juu. Akatazama tena. Na mimi nikatazama.

Kile cha juu kilikuwa kizuri ndani. Mzizi umepita kote, umejaa, hakuna mahali palipokosa. Uso ulikuwa mbaya kwa sababu macho hayakuona, lakini mkono ulikuwa umeacha nafasi yake ya waya na ukaenda pale ulipozoea kwenda miaka yote. Kile cha chini, changu, chenye uso mzuri, mzizi haukuwepo. Ncha mbili zilikuwa zinatazamana ndani kama vile hazijawahi kuona moto. Mshono wa juu peke yake ndio ulikuwa unazishikilia. Na kile kilikuwa kwenye mguu wa ngazi aliyokuwa amepanda Mzee. Kama hewa ingeongezwa, kingepasuka kile, na ngazi na mtu aliye juu yake vingeondoka pamoja.

"Kimoja kiko sawa," Mutiso akasema. "Hiki kingine ni mauti." Akageuka. "Mzee Shivachi, hii ni alama yako?"

Mzee alikuwa amesimama hatua tano kutoka mezani. Hakusogea. "Herufi ni S?"

"Ni S."

"Basi ni yangu."

Na mimi, mwenye mdomo wa kutangaza macho ya mtu, nikanyamaza. Dakika moja ingetosha. Neno moja lingetosha. Nilitazama viatu vyangu. Mutiso akampa Mzee mkono, akamwambia aende nyumbani apumzike, chapa aiache mezani. Mzee akaiweka mezani. Hakuna aliyemwita fundi.

Usiku ule sikulala, ila nilijifariji kwa jambo moja: Mzee amenifunika. Anajua kile kibovu ni changu, amekubali kukibeba kwa sababu ananipenda. Nikaamua Jumamosi baada ya kazi niende nimshukuru. Ona moyo wa mtu ulivyo.

Walikuwa wanaishi chumba kimoja hapo hapo Baba Dogo. Nilimkuta Mzee ameketi kwenye stuli mlangoni, Mama Agneta nyuma yake anachambua mrenda kwenye beseni la maji. Mama hakunikaribisha. Mzee ndiye alisema keti. Nikakaa kwenye kizingiti.

"Mzee, nimekuja kusema asante."

"Ya nini?"

"Ya kunifunika jana."

Akageuza uso. "Nimekufunika na nini?"

"Kile kiungo kibovu. Ulisema ni chako."

"Si ni changu? Cha juu. Niliona mwenyewe kimenishinda, nilijua tangu nikishuka." Akatikisa kichwa. "Nilisema nichome kimoja tu cha mwisho, kwa mkono wangu. Mungu hakutaka. Umefanya vizuri kupiga kelele, Barasa. Ningekufa pale juu kwa kiburi changu."

Hakuwa ameona. Vipande vilikuwa mezani hatua tano kutoka kwake, sisi sote tulijua kipi ni kipi, na hakuna mtu mmoja aliyefikiria kumwambia. Aliuliza herufi, akaambiwa S, akarudi nyumbani akiamini kazi yake ya mwisho duniani ilikuwa mbovu. Hakunifunika mimi. Alikuwa hajui kuna cha kufunika.

"Mzee," nikasema, "cha juu kilikuwa kizuri. Kibovu ni cha chini. Changu."

Akasema, bila hasira, "Usinibembeleze. Mimi si mtoto."

"Haki ya Mungu."

"Maneno tu hayo, Barasa. Jana ulikuwa na maneno, leo pia una maneno."

Nikainuka. Nilitembea mpaka kile kiwanda, na mahali pengine nilikimbia. Askari wa getini akanifungulia, nikaenda kwenye rundo la vyuma chakavu, nikavitafuta vile vipande viwili mpaka nikavipata, nikavitia kwenye gunia. Niliporudi jua lilikuwa bado juu, na Mzee alikuwa bado kwenye ile stuli.

Nikaweka kipande cha kwanza mapajani mwake. Akapapasa nje, ule mshono uliopinda, akauma mdomo kwa aibu. Kisha akaingiza mkono ndani. Kidole kilienda polepole, kikazunguka kote, kikafika kilikoanzia, kikazunguka tena. Nikampa cha pili. Nje alipitisha kiganja mara moja. "Uso mzuri," akasema. Akaingiza kidole, na kidole kikasimama. Ukucha ulikuwa umezama kwenye ufa.

"Hukuacha nafasi."

"Sikuacha, Mzee."

"Jumatatu utamwambia Mutiso."

"Nitamwambia."

"Mbele ya wale wale."

"Mbele ya wale wale."

Na nilimwambia, mbele ya wale wale, na kwa mwaka mzima chapa yangu ilifungiwa kabatini, nikakata nyuzi za skrubu kwenye ncha za mabomba pamoja na vibarua wa juzi. Nilistahili zaidi ya hapo. Lakini hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumamosi ile Mzee alikiweka kipande changu sakafuni, kile chake akabaki amekikumbatia.

"Mama Agneta! Wacha hizo mboga. Njoo."

Mama akaja anakung'uta maji mikononi.

"Ingiza mkono humu. Ndani zaidi. Zungusha. Unasikia nini?"

"Chuma, Baba Agneta. Nitasikia nini tena?"

"Kuna shimo?"

Mama alizungusha kidole, akakunja uso, akazungusha tena, sasa kwa makini, kwa sababu alikuwa ameona uso wa mumewe. "Hakuna shimo," akasema. "Kumejaa."

"Kote?"

"Kote."

"Hicho nilichoma mimi," Mzee akasema, na machozi yakamtoka, na hakuyafuta.